Shangazi, kumbe hawakutusahau

Shikamoo shangazi. Naandika hapa hadharani maana meseji ndefu najua huzisomi, ila watoto wakikukalisha wakakusomea utasikiliza, na hili nataka ulisikie wewe na wote mliokulia nyumba ya Bibi.

Nimefika Mandvi, mji wa pwani ya Kachi huku India, kwao Bibi, kuwatembelea ndugu zake. Nimetoka Mumbai na treni ya usiku mpaka Bhuj, halafu gari kama kilomita 60 hivi kushuka pwani, na ile harufu ya bahari ilipoanza tu mie machozi yakanitoka ndani ya gari, ni ileile ya bandarini Malindi pale Unguja, chumvi na mbao na samaki.

Nyumba ya kwanza ni kwa mtoto wa mjomba wako, yule mkubwa ambaye Bibi hakuacha kumtaja. Sa hivi ni mama mzee, macho hayaoni vizuri, akanishika uso kwa mikono miwili akanipapasa pua akasema kitu kwa Kikachi, lugha ya huku, mjukuu wake akanitafsiria kwa Kiingereza kwamba anasema hii pua ya Bibi. Tukakaa chini kwenye mkeka, wakaleta mkate wa mawele, wenyewe wanauita rotlo, mzito, umebabuka kidogo pembeni, juu yake siagi nyeupe na kipande cha sukari guru ileile yetu, na maziwa ya mtindi. Nikala miwili, wa tatu nikaapa wallahi siwezi, wakaniwekea tu.

Halafu akaagiza kitu kiletwe kutoka ndani. Shangazi, ni mbuzi! Mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja, ubao umekuwa mweusi kwa tui, meno ya mbele yamelika kabisa yamebaki ya pembeni. Bibi alikuja nayo jahazini na upepo wa kusi, safari yake ya mwisho kuja kwao, wewe hujazaliwa. Yule mama akaikalia, akaniangalia, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Kuna nazi." Maneno mawili hayo ndo yaliyombakia, alifundishwa na Bibi akiwa mtoto.

Sasa nakuja kwenye lile linalokuuma miaka yote, kwamba baada ya tetemeko uliandika barua tatu na hakuna aliyejibu, kwa hiyo watu hawa wametutupa. Hawakuzipata shangazi. Ile asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001 Bhuj na vijiji vyake vilifukiwa, watu walikufa maelfu kwa maelfu, na huku Mandvi nyumba ya kina Bibi ukuta wa nyuma ulianguka pamoja na kabati la ukutani, na humo kabatini ndo zilimokuwa picha, barua za Bibi na S.L.P. yetu. Walilala nje wiki kadhaa wanaogopa kuingia ndani, halafu wakahamia kwa wakwe zaidi ya mwaka. Barua zako zilikwenda kwenye nyumba isiyo na mtu. Na yeye akawa anajaribu kuikumbuka ile namba ya sanduku, anasema alikuwa anaiandika na kuifuta, kila akiandika anaona siyo.

Nilikaa kimya muda mrefu nilipoambiwa hayo.

Nyumba ya pili na ya tatu ni chai tu na maswali nimezaa wangapi. Jioni mjukuu akanipeleka mto Rukmavati wanapounda majahazi, makubwa yani ukisimama chini unainua shingo. Fundi mmoja alikuwa anatia kalafati, anasokota pamba kidoleni anaipigilia kwenye upenyo wa mbao, anasokota tena. Alipoambiwa natoka Zanzibar akaweka nyundo chini. Ujanani alikuwa baharia, kafika Dubai na Berbera, akaniuliza kama kwetu bado wanaunda. Yeye anasema nakhuda, nikamwambia sisi nahodha, akalirudia neno letu polepole. Tulivyorudi tukanunua dabeli barabarani, boflo dogo lina viazi vya viungo, karanga na punje za komamanga, imeanzia hapahapa Mandvi.

Kabla sijalala nimeandika namba yako mara mbili, karatasi moja nimempa mjukuu wake na nyingine nimeibandika mwenyewe ndani ya mlango wa kabati. Watakupigia Ijumaa baada ya sala, saa nane za kwetu, kwao itakuwa kumi na nusu. Namba huijui, inaanzia +91. Pokea shangazi.