Barua kwa Mwanaidi: Taa Zisitazame Bahari

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku kisiwani Juani, Mafia, hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa goti la mama yako linalomsumbua tangu kusi ianze kuvuma. Barua hii nampa shangazi yako, anavuka kesho kwenda Kilindoni kupanda boti ya Nyamisati. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hatukusikilizana.

Habari ya kazi uliyopata imetufurahisha sana. Mama yako alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza kama kuna posa. Hoteli nzima, taa za ndani na za nje, na fundi anayetia sahihi ni wewe! Wazee wa barazani wananiomba namba yako ya simu, na ni wale wale niliokubaliana nao siku ile kwamba mtoto wa kike akasomee ushonaji. Namba nawapa, na nawaambia wasikupunje.

Lakini uliposema kwamba mwenye hoteli anataka ufukwe wote ung'ae usiku kucha, wageni waone mawimbi wakiwa wamekaa mezani, usingizi ulinipaa. Nikaanza kukueleza, nawe ukanikatisha: "Baba, hayo ni mambo ya hifadhi huko kwenu, huku ni mjini." Hapo uliniumiza, mama. Tangu lini pakawa huko kwetu? Na kasa hajui mji wala hifadhi. Fukwe za Kigamboni nazo hupanda kutaga, bahari ni hii hii moja.

Nakuomba kabla hujachimba shimo la nguzo ya kwanza unisikilize. Taa zako zisitazame bahari.

Unajua nimevua dagaa kwa karabai tangu ujana wangu, kabla vijana hawajaja na hizi taa za betri. Mwezi ukiwa mpevu tulikaa nyumbani tukishona nyavu, maana bahari yote ina mbalamwezi na taa yetu haina nguvu. Tulingoja giza. Giza likiingia unatia nanga, unawasha, unakaa kimya. Kwanza vinakuja vijidudu vidogo vya majini, vinazunguka kwenye duara la mwanga. Halafu dagaa wanaovila. Halafu samaki wakubwa wanaowala dagaa, unawaona wanapita chini kwa weusi wao. Hakuna aliyewafukuza kuja pale. Mwanga unaita, Mwanaidi. Wewe unaifunga taa ili mtu aone njia yake, na usiku ule ule unawaita viumbe ambao hukuwakusudia na wala huna habari nao.

Watoto wa kasa ndio wanaoitika upesi kuliko wote. Mwezi huu viota vinafunguka upande wa bahari kuu, na zamu ya ulinzi imeniangukia mimi na wenzangu wawili. Ukikaa karibu na kiota jioni, unaona kwanza mchanga unadidimia kidogo katikati, hata mkono haujaugusa. Kinatokea kichwa kimoja, kidogo kuliko ncha ya kidole gumba chako, kinatulia. Kinangoja mchanga upoe. Jua likishazama na joto likiondoka, wanachemka wote kwa pamoja, mia na zaidi katika kiota kimoja, wanapandiana migongo. Hawana mama wa kuwaonyesha njia, alishaondoka miezi miwili iliyopita. Wanachotafuta ni upande wenye mwanga, chini kabisa kwenye upeo wa macho. Kwenye ufukwe wenye giza upande huo ni bahari, kwa kuwa maji yanarudisha mwanga wa nyota na mwezi, na nyuma yao vichaka ni vyeusi. Hawakosei. Nimewatazama mara nyingi na hawakosei.

Sasa weka taa nyeupe nyuma yao uone. Kuna mahali pamoja, sitapataja, niliitwa asubuhi nikaangalie kiota. Alama za mama yake zilikuwa bado zinaonekana, pana kama za tairi la trekta, zimepanda na kushuka vizuri. Lakini alama za watoto hazikushuka. Zilitoka kiotani zikageuka nyuma, zikapanda kuelekea kwenye ukuta wenye taa, zikazunguka chini ya ile nguzo mara nyingi mpaka mchanga ukawa umevurugika wote. Tuliokota waliokauka kwenye sakafu ya saruji. Wengine kaa walishawaburuta mashimoni, na kunguru walikuwa bado wako juu ya ukuta. Mlinzi wa pale alikuwa mtu mwema, alilia. Taa hakuifunga yeye, ilifungwa na fundi ambaye hakuna aliyemwambia neno.

Wewe umeambiwa. Ndiyo maana naogopa zaidi kwa ajili yako.

Na usidhani ni watoto tu. Jike akija kutaga akauona ufukwe unawaka, mara nyingi hugeuza akarudi majini bila kutaga. Wale wataalamu waliotufundisha kazi ya doria walisema kasa wa kijani huchukua miongo miwili, mitatu, hata zaidi kabla hajaanza kutaga, na katika kila watoto 1,000 hukadiriwa kwamba ni mmoja hivi anayefikia umri huo. Anaporudi, hurudi pande zile zile alikozaliwa. Watakaoingia majini mwaka huu ukawa umewaachia giza lao, watarudi kutaga wewe ukiwa bibi wa watu. Na sheria yetu inakataza kumvua kasa na kuchukua mayai yake, watu wanalijua hilo na wanaogopa. Taa haichukui yai hata moja, lakini kiota chote kinapotea vile vile.

Basi nenda kamwone meneja. Usiende kwa ugomvi, nakujua. Mwambie kuna namna ya kufanya hoteli ipendeze bila kuwasha bahari, na utaalamu huo unao. Taa za njia ziwe fupi, chini ya kiuno, na kila moja iwe na kofia ili mwanga uanguke kwenye unyayo tu. Upande wa baharini usiweke nguzo kabisa. Balbu nyeupe zile zilizoandikwa 6500K kwenye boksi zisikanyage nje ya ukuta, maana hizo ndizo mbaya kuliko zote. Tafuta zenye rangi ya kaharabu au nyekundu kweli, si nyeupe iliyopakwa rangi kioo. Tulifundishwa kipimo chake: urefu wa wimbi la mwanga uwe nanomita 560 kwenda juu. Wewe utaelewa zaidi yangu. Ngazini na chooni weka taa yenye sensa, mtu akipita iwake, akiondoka izime. Vyumba vinavyotazama maji viwe na mapazia mazito. Halafu simama mwenyewe kwenye mchanga usiku, kaa chini kabisa, macho yawe kwenye kimo cha kasa, utazame nyuma hotelini. Balbu yoyote unayoiona kwa macho kutoka pale, irekebishe.

Atakuambia habari za wezi. Wote wanasema hivyo. Mwonyeshe kwa vitendo: msimamishe mbele ya taa kali, umuulize nani yuko gizani nyuma yake. Hataona kitu. Taa inayompiga mlinzi usoni inamficha mwizi. Inayoangaza mlango kutoka juu kwenda chini inatosha, na umeme wa kuangaza mawingu anaulipia yeye kila mwezi. Hilo la umeme mwambie mwanzoni, si mwishoni. Na mwambie kwamba wageni wanavuka mpaka Juani kutazama kasa wakitoka kiotani, wanalipa, na sehemu ya fedha hiyo inaingia kijijini. Wanakuja kwa ajili ya giza letu. Kule kwao wengi hawana tena.

Hilo si la kubuni. Mdogo wako Salumu kanisomea kwenye simu, maana siku hizi jambo hili limekuwa langu na yeye ndiye karani wangu. Mwaka 2016 wataalamu walitoa ramani ya dunia nzima: zaidi ya watu 80 katika kila 100 wanaishi chini ya anga iliyochafuliwa na mwanga wa taa, na theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza angani, wanapoishi. Mwaka 2023 ukatoka uchunguzi mwingine, wa watu wa kawaida waliokuwa wakilinganisha nyota wanazoziona na ramani. Ukaonyesha kwamba tangu 2011 hadi 2022 anga imeongezeka mwangaza karibu asilimia 10 kila mwaka. Wakasema mtoto akizaliwa mahali zinapoonekana nyota 250, akifika miaka 18 atabaki anaona 100 hivi. Nikamwambia Salumu arudie kusoma. Nyota zinaondoka katika umri wa kumlea mtoto mmoja!

Akanisomea pia habari ya Ngulia, kwa jirani zetu Kenya, ndani ya Tsavo Magharibi. Pale kuna loji yenye taa za kuangazia wanyama usiku. Kati ya Oktoba na Desemba ndege wanaokuja kutoka Ulaya na Asia hupita juu usiku, na ukungu ukishuka, mwezi ukiwa haupo, taa zile huwavuta washuke kwa wingi ajabu. Tangu 1969 watu wa elimu ya ndege huwangoja pale, wanawanasa kwa nyavu, wanawafunga pete miguuni, wanawaachia. Pale wapo watu wa kuwapokea. Kwenye majengo mengine ya duniani wanagonga vioo na kuanguka, na asubuhi mfagiaji anawazoa. Hata nondo wanaozunguka balbu yetu ya mlangoni, utafiti wa 2024 umesema hawaipendi taa wala hawaifuati. Mdudu arukaye usiku huelekeza mgongo wake kwenye mwanga ili ajue juu ni wapi, kwa kuwa angani ndiko kulikokuwa na mwanga siku zote. Balbu ikiwa ubavuni, anajipinda, anazunguka mpaka anachoka. Tangu nisikie hivyo, ile taa uliyonifungia naizima nikimaliza isha. Usione vibaya, kazi yako ni nzuri, na swichi inafanya kazi.

Mambo ya mbinguni sikuelezi, ulishayajua ukiwa mdogo kuliko Salumu. Nataka tu kukuuliza, huko uliko unakiona Kilimia, kile kishada cha nyota? Huku sasa kinachomoza kabla ya alfajiri, kama wazee walivyosema: kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Masika yamekwisha, nacho kimetoka. Jioni Nge, lile kundi la nyota, yuko utosini, mkia wake umeingia kwenye Njia Nyeupe, na siku za giza unaona mpaka yale mawingu meusi yaliyomo ndani yake. Manahodha waliotangulia walivuka kwa hayo. Ukiwa Dar, toka nje siku umeme ukikatika, uwape macho karibu nusu saa wazoee, usiguse simu. Nenda na wenzako wa kazini, wale waliozaliwa mjini. Nataka wajue kilichoko juu ya vichwa vyao, pengine wakifunga taa watakumbuka kuwapo kwake.

Nimekusema sana, najua. Ulipopata cheti chako nilikaa kimya, na mama yako alinilaumu. Nilikitazama kile cheti mara nyingi kuliko anavyojua. Mtu mwenye ufundi kama wako hawezi kuniambia kwamba yeye anafanya alichoagizwa tu. Mbeba zege anaweza kusema hivyo. Wewe ndiye unayejua waya unaenda wapi na mwanga utaangukia wapi, na wakikataa ushauri wako waandikie kwenye karatasi, uweke nakala. Kama watakutishia kukunyang'anya kazi, nipigie kabla ya kuamua lolote. Hatutalala njaa.

Ya nyumbani: mabati ya jikoni yametoboka upande wa mnazi, tumeweka makuti kwa sasa. Ule mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja wako. Salumu anahitaji sare, kimo kimemtoka ghafla, suruali ziko juu ya kifundo, na usimnunulie viatu vya kufunga kamba, hazifungi. Mama yako anataka mafuta ya kuchua goti, yale ya chupa ya kahawia, si yale uliyoleta mara ile yaliyomuunguza ngozi. Kitenge alichompa shangazi yako akuletee ni cha kwako, usigawe. Dagaa waliokaushwa wako kwenye kiroba, wengine mpelekee mwenye nyumba wako.

Fedha za mabati usitume mwezi huu. Zitumie kununua balbu moja ya kaharabu na kofia yake, uifunge kwa mfano, meneja aione ikiwaka usiku. Mtu huelewa anachokiona. Ukishaonana naye nipigie baada ya magharibi, Salumu atapanda na simu kule juu penye mtandao, na mimi nitakuwa naye.

Wasalaam,
Baba yako