Mtangazaji mgeni sawa, vipimo visahihishwe

Mhariri,

Top Gear, kipindi cha magari cha BBC ya Uingereza, kilipomchukua mwigizaji Mmarekani Matt LeBlanc kuwa mtangazaji mwaka 2016, wengi walilalamikia uraia wake. Magari anayajua, na alidumu hadi 2019. Tatizo la mgeni ni vipimo. Galoni ya Uingereza ni lita 4.55, ya Marekani 3.79 tu, gari la maili 36 kwa galoni ya kwanza ni maili 30 kwa ya pili. Oktani, yaani kipimo cha petroli kustahimili kuwaka ovyo ndani ya injini, ndiyo hatari zaidi: 87 ya pampu za Marekani ni takriban 91 au 92 kwa kipimo cha Ulaya, ambako petroli ya kawaida ni 95. Ukiweka mafuta ya oktani ndogo kuliko injini inavyotaka, injini inagonga, na ukiendelea hivyo pistoni zinaharibika. Mtangazaji mgeni aajiriwe, lakini mhandisi akague kila tarakimu kabla kipindi hakijarushwa.

Msomaji wako