Risala ya Baraza la Wanafunzi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kukabidhiana Uongozi na Maonyesho ya Sanaa

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Usimamizi, viongozi wa Chama cha Wazazi, walimu wetu, wazazi wetu, wanafunzi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Hamjambo?

Kwa niaba ya Baraza la Wanafunzi linaloondoka, karibu nyumbani. Nasema nyumbani kwa sababu madawati haya unayajua. Naibu wa Mwalimu Mkuu ametusimulia kwamba mwaka ulipofanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, shule nzima ilikuwa na mtahiniwa mmoja tu wa somo la sanaa, na mtahiniwa huyo ni wewe. Uliwekwa bwaloni peke yako na msimamizi wako, meza moja, ndoo moja ya maji, na wapishi wakaonywa wasigonge sufuria. Leo utakuta waliokufuata wamefika kumi na tisa. Wapishi bado wanagonga sufuria.

Mgeni wetu, shule uliyoiacha si hii unayoiona. Wazazi kadhaa walikuja mkutano wa muhula wa kwanza wakatuuliza Kidato cha Pili kimehamishiwa wapi. Hakijahamishwa, hakipo. Wenzetu waliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho mwaka 2023 sasa wako Kidato cha Tatu, sisi tuliowatangulia tuko Kidato cha Nne, na nyuma yao ni Gredi ya 10, walioingia Januari hii ya 2026 kama kundi la kwanza la sekondari pevu chini ya mtaala mpya. Kidato cha Tatu wakimaliza KCSE mwakani, 8-4-4, ule mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu ulioanza 1985, itakuwa imefika mwisho. Basi kwa sasa ua mmoja una mitaala miwili. Kengele inayotutoa darasani ni ile ile, lakini ratiba zetu haziongei lugha moja.

Hata maneno yamebadilika. Sisi tulipoambiwa "mkondo" tulijua ni Mashariki au Magharibi, yaani darasa lako ni lipi. Kwa Gredi ya 10, mkondo ni maisha: STEM (yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wiki ya kwanza walipofika, foleni nje ya ofisi ya Naibu ilizunguka hadi kwenye mfereji. Walikuwa wakiomba kubadilishiwa mkondo. Wengine walikuwa na sababu nzuri, wengine walifuata rafiki. Naibu alikuwa mmoja na foleni haipungui, kwa hiyo Baraza likaomba meza, tukaiweka chini ya mti, tukawa tunawasikiliza wenzetu kabla hawajaingia ofisini. Hatukuwa na mamlaka ya kumbadilishia mtu chochote. Tulichofanya ni kumuuliza mambo matatu: unapenda nini, unaweza nini, na nani amekutuma hapa.

Swali la tatu ndilo lililokuwa na majibu marefu.

Nitamtaja mmoja bila jina. Alichagua sanaa za uchoraji akiwa Gredi ya 9, akapewa, sasa anataka STEM. Tukamuuliza kwa nini. Akasema, "Mzee amesema sanaa ni ya waliofeli hesabu." Jioni ile mzee wake akaja kumchukua na matatu yake, kwa sababu ni dereva. Mgeni wetu, ile matatu! Ubavuni simba mwenye macho ya buluu, nyuma uso wa mwanasoka, taa za zambarau mpaka chini ya ngazi, na herufi zimechongwa kwa rangi mpaka unadhani zimetoka nje ya bati. Katibu wetu akamwamkia, "Shikamoo, mzee," akamsifia gari, kisha akamuuliza kwa adabu kabisa aliyechora alilipwa au aliambiwa asante. Mzee akacheka. Akataja kiasi alicholipa, nasi tukanyamaza kwa muda.

Ningependa kusema kijana alibaki kwenye sanaa. Hakubaki. Yuko STEM, na fizikia anaiweza. Lakini kila saa ya chakula cha mchana utamkuta chumba cha sanaa na penseli nyuma ya sikio, na huyo simba utakayemwona ukutani kushoto, ukiingia, ni kazi yake.

Hapo ndipo tulipoelewa jambo moja, na ndilo hasa lililotufanya tukuandikie barua. Wizara ilipopanga mikondo hii ilikadiria asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, 25 Sayansi ya Jamii, na 15 Sanaa na Michezo. Hatuna ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wetu ni na wanaodhani asilimia 15 ni jaa la kutupia mabaki. Isitoshe, hesabu haikwepeki: mwaka jana, baada ya wazazi na walimu kulalamika, hisabati ilifanywa ya lazima kwa mikondo yote, ingawa wa STEM ndio wanaosoma ile nzito. Kwa hiyo anayekuja kwetu akidhani sanaa ni maficho ya kukimbia hesabu, tunampa rula kwanza apime fremu.

Sasa nieleze kuhusu chumba. Mwaka 2025 shule haikupokea Kidato cha Kwanza, madarasa yakabaki matupu. Chama cha Sanaa, ambacho hadi wakati huo kilikutana kwenye korido ya stoo ya madawati mabovu, kikaomba darasa moja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wa Baraza la Wanafunzi nafasi katika Bodi ya Usimamizi, na mimi ndiye niliyekuwa na zamu hiyo. Niliketi mwisho wa meza karibu na chai. Nilikuwa nimeandika hoja saba. Mikono ilitetemeka nikasoma mbili, halafu nikaweka karatasi chini na kuwaomba waje waone. Wakaja. Wakakuta mwanafunzi amelala kifudifudi sakafuni anachora juu ya katoni kwa sababu hakuna meza, na mvua inavuja karibu na kiwiko chake. Chumba tulipewa wiki ile. Mwenyekiti wa Bodi, ahsante sana, na utusamehe kwa kuwa viatu vyako vililowa.

Vifaa tumejitafutia. Makaa ya kuchorea tunaomba jikoni, tunachagua vipande vyembamba. Katoni zinatoka kwa wenye maduka mtaani, na vitambaa vya kolaji ni vipande vinavyobaki kwa mafundi wa cherehani kule soko la Gikomba. Karatasi za manila tunachanga. Rangi ya ukutani ilikuwa masalio ya mzazi mmoja aliyepaka nyumba, ndiyo maana shule yetu ina mawingu ya rangi ya krimu.

Kuhusu uongozi wenyewe sitasema mengi, kwa kuwa wengi hapa walitupigia kura na wanatujua. Zamani viranja waliteuliwa na walimu. Sisi tulisimama, tukaomba kura, na wengine wetu tukashindwa mara ya kwanza. Tulianza vibaya. Tuliweka sanduku la maoni, tukalipaka rangi likapendeza, na kwa muhula mzima likapokea karatasi tatu, moja yake ikiwa imefungiwa chapati. Tukaacha sanduku, tukaanza kukaa pale foleni ya chakula inapopinda. Pale watu husema. Kosa letu kubwa zaidi ni kwamba uchaguzi wetu ulifanyika kabla Gredi ya 10 hawajaingia, tukawaongoza miezi kadhaa bila kiti chao hata kimoja. Walitulalamikia, na walikuwa na haki. Baraza linaloapishwa leo lina wawakilishi wao, mmoja kutoka kila mkondo, na mwenye sauti kubwa kuliko wote ni wa sanaa. Mtamsikia.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, tunayo maombi, na hatutaki kuyazungusha. Chumba kile hakina maji. Brashi tunaziosha kwenye mfereji wa uani na rangi inaingia kwenye foleni ya wanaonawa mikono, jambo ambalo wapishi wametugombeza nalo, tena kwa haki. Tunaomba sinki. Pili, mwalimu wetu wa sanaa ni mmoja, anabeba Gredi ya 10 pamoja na watahiniwa wa KCSE, na jioni ana mazoezi ya muziki. Hatujui wewe unaweza kufanya nini katika hilo, lakini tunaomba ulisemee utakakofika. La tatu ni lako binafsi: njoo mara moja kila muhula, hata kwa saa moja, ukae na wazazi badala yetu. Sisi tukisema sanaa inalipa wanatuona watoto wanaopenda kucheza. Wewe ukisema, watauliza kiasi gani, na utawajibu.

Mwalimu wetu hupenda kutukumbusha kwamba Nairobi haikuanza jana kwenye mambo haya. Mwaka 1965 mchoraji Elimo Njau na wenzake walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa jijini, jina ambalo ukilisema haraka unaweza kufikiri ni la nyumba, kumbe ni yule paa mnyama anayepaa. Moto uliiteketeza mwaka 1997 na bado ikaendelea. Mwaka 2003 ghala la Barabara ya Dunga, Eneo la Viwanda, likafunguliwa kuwa kituo cha sanaa cha GoDown. Kutoka hapa shuleni hadi Eneo la Viwanda ni nauli ya matatu moja, ila wengi wetu hatujawahi kushuka kule isipokuwa kwa kumpelekea mzazi chakula kazini. Tungeomba na hilo, lakini tumeambiwa risala ikiwa na maombi mengi mgeni huanza kutazama saa.

Kabla sijamkabidhi mwenzangu beji, ninao ufunguo huu wenye uzi mwekundu. Ni wa chumba cha sanaa. Tunakuomba ufungue maonyesho wewe mwenyewe. Kitasa hukwama, Mgeni wetu. Kiinue kidogo kwanza, halafu usukume kwa bega. Na uangalie unapokanyaga, kazi za Gredi ya 10 bado hazijakauka.

Ni mimi, Mwenyekiti wa Baraza la Wanafunzi linaloondoka.