Niende kuwaona Rush bila Neil Peart?

Mpendwa Mshauri,

Nina miaka 57. Nakuandikia kuhusu bendi, lakini jambo lenyewe linamhusu marehemu kaka yangu.

Ndiye aliyenifundisha kuwasikiliza Rush, wale watatu wa Kanada: Geddy Lee akiimba na kupiga gitaa la besi, Alex Lifeson kwenye gitaa, Neil Peart kwenye ngoma. Mimi na kaka tulilala chumba kimoja. Kuna wimbo wao wa mwaka 1981, YYZ, unaoanza kwa mapigo ya msimbo wa Morse, ule unaoandika herufi kwa mapigo marefu na mafupi; YYZ ni herufi za utambulisho za uwanja wa ndege wa Toronto. Taa ikishazimwa, kaka aliyagonga ukutani: refu, fupi, refu, refu, mara ya pili vivyo hivyo, kisha marefu mawili, mafupi mawili. Nilitakiwa nimjibu. Nilikosea kila usiku, naye akarudia bila kuchoka.

Alifariki miaka 22 iliyopita, akamwacha binti wa miaka 3. Tangu hapo sikuwasikiliza tena. Wakipigwa redioni, nilizima.

Mwaka jana yule binti, ambaye sasa anajifunza kupiga ngoma, aliniomba vitu vya baba yake. Nikatoa sanduku la kaseti. Utepe wa moja ulikuwa umelegea, tukaukaza kwa penseli kama zamani. Ngoma zilipoingia nilishika ukingo wa meza.

Sasa nasikiliza kila usiku, na nasikia mengi yaliyonipita ujanani, hasa hiyo besi ya Lee. Nimesoma pia habari za Peart: alimpoteza binti yake 1997 na mkewe 1998, akaweka vijiti chini. Albamu ya studio ya Rush iliyofuata ilitoka 2002. Ujanani ningeona ni miaka michache tu. Leo najua kwa nini mtu huacha. Sijui alipata wapi nguvu za kurudi.

Peart naye alifariki Januari 2020, nikaamini yamekwisha. Kumbe Oktoba 2025 Lee na Lifeson wakatangaza ziara ya 2026, na kwenye ngoma atakaa Anika Nilles, Mjerumani. Mwanangu huyu amekuwa akimfuatilia Nilles siku nyingi. Aliponipigia simu alikuwa analia kwa furaha: "Baba mdogo, twende wote!"

Hapo ndipo nimekwama. Kaka alikuwa akisema bila Neil hakuna Rush, na rafiki yetu wa zamani ameniambia nikienda nitakuwa nimewasaliti marehemu wawili kwa mpigo. Naogopa nitakaa pale nikimchukia mwanamke asiye na kosa lolote, kando ya binti anayejiona ndani yake. Nikikataa, nitamnyima jambo pekee analoweza kushiriki na baba asiyemkumbuka hata sura.

Juzi, akisubiri chai, aligonga mezani yale mapigo ya Morse. Hakukosea hata moja. Nilitoka nje, naye hadi leo anadhani aliniudhi.

Naomba ushauri wako, Mshauri. Niende naye? Na kabla ya yote, nimweleze habari za ule ukuta, au nitamtwika huzuni isiyo yake? Anataka jibu kabla ya wiki hii kwisha.

Wako,
Baba Mdogo