Mazoezi ya kukimbia ya kuongeza pumzi yanaanza Jumatatu, ufukweni Shela

Assalaam aleikum jamaa. Tunakutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi.

Kwanza tembeeni haraka dakika 5. Kisha mbio za polepole sekunde 30, mtembee sekunde 90, hivyo mara 8. Mwisho dakika 5 za kutembea pole. Jumla dakika 26, zatosha kwa wiki mbili za mwanzo. Ukikimbia uweze kusema sentensi nzima. Ukikatika katikati, umezidisha, punguza. Wengi huacha wiki ya kwanza kwa kuanza na kasi kubwa, si kwa udhaifu.

Nawaombeni sana, kimbieni kwenye mchanga mbichi ule mgumu, ambao mguu ukikanyaga unaacha alama ya juu juu tu. Mchanga mkavu unazamisha kisigino, na mashavu ya miguu yanavutika mpaka kesho yake ngazi hazipandiki. Ufuo nao una mteremko, kwa hiyo nusu ya muda tunakwenda, nusu tunarudi, mguu mmoja usibebe mzigo peke yake. Vaeni raba za kufunga kamba. Ndara hapana, zinakunja vidole na kuumiza miundi.

Saa ya maji kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, basi siku yakijaa asubuhi nitawaarifu usiku wa kuamkia siku hiyo. Siku hiyo pandeni na kushuka ngazi za nyumbani, kwa mpangilio uleule.

Mwenye presha, moyo au sukari amwone daktari kwanza. Kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, simama, utwambie papo hapo.