Mwanangu Ameandikwa Kwenye "Nyinginezo"

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuomba siku tisini

Mheshimiwa,

Assalamu alaykum. Natanguliza salamu kwa sababu mamangu alinifunza kuwa hata mwenye kudai humsalimu anayemdai. Natumai u mzima, watoto wako wazima, na usiku wanalala.

Jina lako silitaji. Wewe wajijua, nasi twakujua. Ulikuja mtaani kwetu hapa Kisauni mwaka wa 2024, ukaketi kwenye kiti changu cha plastiki, kile chenye ufa, ukala mahamri manne na mbaazi, ukaisifu iliki. Kisha ukasimama mbele ya kina mama ukasema tukupe siku tisini, na kibanda cha muguka, ile miraa ya majani inayotafunwa kuzuia usingizi, kilicho mbele ya shule hatutakiona tena. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi na unga mikononi, baibui yangu ikageuka nyeupe, na wewe ukacheka.

Siku tisini zilikwisha, zikaja tisini nyingine. Nikanyamaza. Subira yavuta heri, wasema wazee. Yangu mimi imevuta tuktuk saa saba za usiku.

Ilikuwa Ijumaa iliyopita. Kijana wangu ana miaka kumi na mitano, yuko Gredi ya 9. Tangu Jumatano alikuwa hajalala. Mara ya kwanza nilidhani anasoma, nikamshukuru Mungu (ona ujinga wangu). Usiku wa pili nikamkuta uani anafagia, gizani, anafagia mahali palepale. Usiku wa tatu alivitoa viatu vyote vya nyumbani akavipanga, akavipangua, akavipanga tena, na taya lake likienda kama anayetafuna na kinywani hamna kitu. Pembe za midomo zilikuwa kijani. Nilipomwekea mkono kifuani, moyo ulikuwa unakwenda kama cherehani ya fundi siku ya kuamkia Idi. Akaniambia, "Mama, kuna watu nje wananiita." Nje hapakuwa na mtu. Palikuwa na paka wa jirani.

Hospitali tuliyokwenda siitaji pia, maana wale waliokuwa zamu walifanya walichoweza na mikono yao. Muuguzi alimpima, akafungua daftari kubwa lililopigwa mistari, akaniuliza kijana ametumia nini. Nikamwambia muguka. Akatelezesha kalamu: pombe, sigara, bangi. Kalamu ikafika mwisho wa ukurasa. "Mama, hii huingia hapa kwa nyinginezo," akasema, akatia alama.

Nyinginezo! Jani ambalo kila kona ya Kisauni, Likoni, Majengo hadi Mtongwe lina meza yake na mwavuli wake, kwenye daftari halina hata mstari. Nilikaa kwenye benchi mpaka alfajiri nikiliwazia neno hilo, na ndilo lililonifanya nikuandikie, maana kwa akili yangu ya kuuza mahamri naona daftari la hospitali halikukosea. Limefuata sheria tu.

Wewe wajua kisa hiki kuliko mimi, lakini nakukumbusha kwa sababu wakubwa mna mengi. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alitoa amri kwamba muguka usiingizwe, usiuzwe wala usitumiwe Mombasa. Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Mtaani kwetu watu walisherehekea kama timu ya taifa imeshinda. Haukupita muda, viongozi wa Embu, kule muguka unakolimwa, wakaonana na Rais, na Rais akasema amri hizo hazina nguvu, kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na Kanuni za Miraa za 2023. Mahakama kule Embu nayo ikazisimamisha. Meza zikarudi na miavuli mipya.

Basi ndivyo ilivyo. Muguka ni zao. Ni ndugu ya chai na korosho. Mwenye mamlaka juu yake ni mtu wa kilimo, na mtu wa kilimo akiulizwa atakuambia bei, mvua na kilo. Hataulizwa kijana wa Kisauni alilala saa ngapi. Mtu wa afya naye atasema hilo si langu, hilo ni zao. Katikati ya hao wawili ndipo alipo mwanangu na viatu vyake.

Sikuja kusema uongo ili niungwe mkono. Najua jani hili si heroini. Shirika la Afya Duniani liliwahi kulitazama, mwaka wa 2006, likasema halistahili kuwekwa kwenye orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa. Lakini kemikali iliyomo ndani yake, kathinoni, yenyewe ikiwa peke yake imo kwenye orodha kali kabisa ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Nieleze basi, wewe msomi: ikiwa kwenye chupa ni hatari, ikiwa kwenye jani ni mboga? Na ukipanda gari hapa Likoni ukaelekea Lunga Lunga, ukavuka mpaka, jani lilelile upande wa Tanzania huitwa mirungi, na ukikamatwa nalo unakwenda jela. Uingereza walipiga marufuku mwaka wa 2014. Sisi tumepakana na Tanzania bega kwa bega, jua moja, bahari moja, na watoto wetu wana moyo wa nyama kama wa watoto wa Tanga. Kilichotofautiana ni karatasi.

Nami karatasi nazijua. Ili niuze mahamri, Mheshimiwa, sharti niwe na cheti cha afya. Kila miezi sita napeleka kikopo maabara. Samahani kwa msomaji anayekula, lakini serikali hii imechungulia choo changu mara mbili kwa mwaka kwa miaka kumi na moja, kwa sababu ya unga na nazi. Siku moja cheti kilikuwa kimepitwa na wiki moja tu, kanjo, askari wa kaunti, wakabeba karai langu na mafuta yakiwa moto. Sikulaumu, sheria ni sheria, watu wakila uchafu wataharisha, na Mombasa kipindupindu twakijua kwa jina la nyumbani. Lakini yule jirani yangu wa meza ya pili, anayechambua muguka kwa vidole alivyopokelea noti tangu asubuhi, na mtoto anaupeleka mdomoni bila kuosha, sijapata kuona hata siku moja akiulizwa cheti. Tena anaufunga kwenye mfuko wa nailoni. Mifuko hiyo si mliipiga marufuku tangu 2017? Sijui hupatikana wapi. Mimi nikiomba mmoja wa kufungia mahamri, naambiwa nitafungwa.

Utasema kaunti imefungwa mikono na mahakama. Mara hii nimesoma, Mheshimiwa. Bintiye jirani yuko chuo, alinisomea Katiba kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Jedwali la Nne linazipa kaunti huduma za afya. Linazipa leseni za biashara. Na limeandika wazi kwamba udhibiti wa dawa za kulevya ni kazi ya kaunti. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Binti akaniambia, "Bi Mkubwa, hapo sasa ndipo penye shida, kwa sababu muguka kisheria si dawa ya kulevya." Nikamwambia sawa. Na maziwa nayo si dawa ya kulevya, lakini mbona mnamuuliza muuza maziwa leseni?

Kwani pombe si halali? Ni halali, na viwanda vyake vinalipa ushuru kuliko sisi sote. Lakini sheria ya vileo ya 2010 ilisema baa isipewe leseni ikiwa chini ya mita 300 kutoka shule, na hakuna aliyesema wakulima wa shayiri wameonewa. Sigara ni halali, na sheria ya 2007 ilisema asiuziwe aliye chini ya miaka 18, na zisiuzwe mojamoja. (Ndiyo, zinauzwa mojamoja kila duka, najua, hiyo ni barua nyingine.) Jambo likiwa halali haina maana limefunguliwa mlango wa darasa. Mimi sikuombi upigane na Rais wala uvunje amri ya jaji. Nakuomba mita.

Nimepima mwenyewe. Kutoka geti la shule hadi kibanda kile ni hatua 41 za miguu yangu, na mimi ni mfupi.

Kuna mambo huwa nayawaza usiku, na usiku siku hizi ninao mwingi. Amri ilipokwama, tukasikia ushuru wa magari ya muguka umepandishwa. Wakubwa wakasema bei ikipanda vijana wataacha. Bei ya fungu dogo pale kibandani ni ileile hamsini, ila fungu limepungua, na sasa wanachanga wawili wawili, na chingamu ya kutafunia wanapewa bure. Sasa najiuliza, gari likilipa, nani tena atataka lisije? Huenda nakosea. Huenda sababu yako ni nyingine kabisa, faili imepotea, gari halina mafuta, bajeti. Lakini mtu asipoambiwa hukisia, na mimi hakuna aliyeniambia kitu tangu ulipopangusa mikono ukapanda gari.

Na mwenzangu wa Mbeere, kule Embu, yule mama anayechuma jani hilo alfajiri, simchukii. Naye ana ada ya kulipa kama mimi. Pengine anasema "wale wa Pwani wavivu wanatusingizia." Natamani aje aketi kwenye kiti changu siku moja, saa kumi alasiri, atazame mavuno yake yanakwenda wapi.

Utaniambia pia nianze nyumbani. Nimeanza. Babake kijana ni bawabu wa usiku, na hutafuna ili asisinzie, miaka mingi sasa, meno yake waweza kuyahesabu. Tumegombana naye juu ya hilo mpaka majirani wakaingilia. Alinijibu neno moja ambalo sikuweza kulijibu: "Mimi nilianza nikiwa mtu mzima. Huyu ameanza kwa sababu ni jambo la kwanza analoliona akitoka darasani." Mwanamume huyo hakubaliani nami kwa lolote, hata chumvi, lakini hapo alisema kweli.

Wakati nakaa kuandika nilikuwa na madai mengi. Nilitaka hospitali zetu ziwe na mtu wa afya ya akili, mshauri, si panado na "mlete tena Jumatatu." Jumatatu tulimpeleka, tukaambiwa mhusika yuko semina. Nilitaka muguka uwe na umri kisheria, kama sigara. Nilitaka daftari lipate mstari wake, ili mwisho wa mwaka mjue ni watoto wangapi, maana msichokihesabu hamtakitengea hata shilingi. Nilitaka uombe msamaha. Nilitaka hata unilipe mahamri.

Yote hayo nimeyafuta. Kijana amelala sasa ninapoandika, mara ya kwanza usingizi wa kweli, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya neti kama alivyokuwa akilala na miaka minne. Kesho atarudi shule. Nitamsindikiza asubuhi, hilo naliweza. Alasiri siwezi, alasiri nakanda unga wa kesho, nisipokanda hatuli.

Basi nakuomba kimoja, Mheshimiwa. Kibanda kile kiondoke pale. Kisogezwe. Kipeleke sokoni Kongowea, kipeleke stejini, kipeleke popote watu wazima wanapopita na pesa zao na akili zao. Hii haitaki Bunge, haitaki Embu, haitaki Ikulu. Kibanda kimesimama kwenye ardhi ya barabara, na barabara hii ni ya kaunti. Mimi karai langu lilibebwa na watu watatu kwa dakika tano.

Njia waijua. Gari la muguka hufika saa nane, kibanda hufunguliwa saa nane na robo. Shule hutoka saa kumi kasorobo. Njoo baina ya hapo. Kiti kile chenye ufa bado ninacho.

Wako mwenye kungoja,
Mama wa Gredi ya 9,
Kisauni, Mombasa