Barua kwa mwanangu: kopo la chai la mama mkwe wako

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mvua tu ndiyo imechelewa.

Umeuliza kwa nini mama mkwe wako huko Dublin, Ireland, anaficha sarafu kwenye kopo la chai, na kwa nini Ijumaa jioni hatulii. Amekulia nyumba ya baba mlevi, miaka ya 1940 na 1950. Nyumba hizo zilikuwa na hesabu zake.

Mshahara ulilipwa taslimu kila wiki, siku ya Ijumaa, na hatari ilikuwa njia ya kutoka kazini hadi mlangoni. Mwanzoni mwa karne ya 20, makuli wa bandari ya Dublin walilipwa ndani ya baa kabisa. James Larkin, kiongozi wa wafanyakazi, na chama chake walipambana na mtindo huo. Lakini usidhani kiu ndiyo iliyomaliza pesa. Ni raundi. Wanaume watano wakikaa pamoja, kila mmoja kwa zamu huwanunulia wote. Aliyeingia kwa glasi moja hunywa tano na kulipia tano. Akitoka kabla ya zamu yake, kesho hana uso wa kukutana na wenzake.

Sasa suti. Jumatatu asubuhi mama huifunga suti ya mumewe, mtoto akaipeleka kuwekwa rehani. Pesa hiyo ndiyo mkate, chai na makaa ya wiki. Jumamosi inakombolewa kwa riba, Jumapili inavaliwa misani, Jumatatu inarudi dukani. Mzunguko huo ulihimili umaskini, haukuhimili ulevi. Mshahara ukifika nusu, suti haikombolewi. Jumatatu ikifika hakuna cha kuweka, mama anakopa kwa muuza duka, na daftari likijaa, chakula cha watoto ni mkate uliolowekwa kwenye maziwa ya moto, sukari kidogo juu, kama ipo.

Posho ya watoto ilianza 1944: shilingi 2 na peni 6 kwa wiki, kuanzia mtoto wa tatu. (Shilingi yao ilikuwa peni 12, si senti 100 kama yetu.) Nyumba ya watoto watano ilipata shilingi 7 na peni 6. Ila kisheria mpokeaji alikuwa baba! Mpaka 1974 ndipo ikahamishiwa kwa mama. Waliotunga sheria ile, nadhani, hawakuwahi kusubiri mtu Ijumaa usiku.

Ndiyo maana mtoto mkubwa akianza kazi, bahasha ya mshahara alimkabidhi mama ikiwa haijafunguliwa, kisha akarudishiwa chake kidogo cha mfukoni. Na ndiyo maana watu wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, chama cha misaada cha Kikatoliki, walipokuja kuwatembelea maskini, afadhali walete hati ya makaa au chakula kuliko noti. Noti inanyweka.

Ile pini ya Moyo Mtakatifu anayovaa ni ya chama cha wasiokunywa pombe, alichokianzisha padre James Cullen Dublin mwaka 1898. Watoto waliapishwa kutokunywa walipopata kipaimara. Dawa walinyweshwa wazima. Mgonjwa alikuwa baani.

Basi mumeo akichelewa Ijumaa, mpigie mama mkwe mapema umwambie yuko wapi. Na ukifuta vumbi rafuni, kopo lirudishe palepale, kifuniko kimebana. Atajua likiguswa.

Mama yako